Chungu cha Haraka

Jumanne, tarehe 8 Juni 1915. Kijiji cha Lyulilo, ukingoni mwa ziwa, kiliamka na baridi. Upepo wa mwera, ule wa kusini, ulikuwa umevuma usiku kucha, ziwa lilikuwa na mawimbi meupe, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu mchangani. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, ila ukungu ulikuwa umekaa katikati ya milima, hata mtu aliyesimama ufukweni aliona miguu ya milima na vichwa vyake, lakini kiuno hakukiona.

Atuganile alifika wa kwanza mahali njia ya Wakinga, watu wa milimani, inapoanza kupanda. Kichwani alikuwa na kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa ziwani, na begani nguo nzito ya kujifunika. Alisimama akangoja. Hakuwa na haraka wala hofu. Tangu Oktoba ya mwaka uliopita hakuwa na kitu ndani yake ambacho angeweza kukitaja kwa jina. Alikula alipopewa chakula, alilala kulipokuwa na giza, na kengele ya misheni ilipolia alikwenda kanisani akakaa upande wa wanawake. Midomo yake ilisali pamoja na ya wengine. Yeye mwenyewe alikuwa kama mtu aliyekaa nje ya nyumba akisikia wenye nyumba wakizungumza ndani.

Shemeji yake Enoki, mdogo wa mumewe, alitokea kwenye migomba akiwa na mkuki begani. Nyuma yake alikuja Mzee Zebedayo, mzee wa kanisa, na kitabu chake cha nyimbo kilichofungwa katika kitambaa.

"Ugonile, shemeji," Enoki alimsalimu.

"Ndaga."

"Umewahi! Mimi mzee huyu nimemng'oa kitandani kama jino."

"Usimsikilize, binti yangu," Zebedayo alisema. "Alinikuta nasali."

"Ulikuwa unasali kwa kukoroma, tata," Enoki alimjibu, kama mtu anayemwita baba yake.

Zebedayo alimtazama kwa ukali, kisha akavua kofia. "Tumwombe Mungu kwanza. Milima ni yake, na sisi magoti yetu ni mabovu." Aliomba kwa maneno machache: Bwana awatangulie njiani, awape neno la kweli huko juu, na ampe mjane huyu moyo wa kulipokea. Enoki aliitikia amina kwa sauti kubwa. Atuganile naye aliitikia amina, akainua kikapu, wakaanza kupanda.

Neno walilokuwa wakilifuata lilikuwa hili. Mwezi wa tano Wakinga wawili walishuka sokoni Lyulilo na majembe na tumbaku, wakitaka usipa. Mmoja wao alisimulia kwamba juu kabisa ya bonde, mahali msitu unapokwisha, kuna kaburi la mpagazi mmoja kutoka ziwani, aliyeachwa na msafara wa Wajerumani wakati wa mvua za kwanza. Mama mmoja wa ukoo wa Sanga ndiye aliyemzika, na mpaka leo ana chungu chake. Chungu chenyewe ni kidogo, alisema yule Mkinga, chekundu, na chini ya mdomo kina alama tatu za ukucha.

Wanawake wote waliokuwa sokoni waligeuka kumtazama Atuganile. Kila mfinyanzi wa pwani ile ana alama yake. Alama tatu za ukucha zilikuwa zake.

Mzee Zebedayo alisema hawezi kuliandika jina la Ipyana, mume wa Atuganile, katika kitabu cha marehemu wa kanisa kwa habari za sokoni tu. Lazima mtu aende aone. Atuganile alisema, "Nitakwenda mimi." Watu walidhani anataka kuliona kaburi la mumewe, na hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwapo neno jingine alilotaka kulijua, na hilo hakumwambia mtu yeyote.

Siku ile ya Oktoba jumbe alikuja na askari wawili kutafuta wapagazi. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimeanza huko Karonga, na Boma lilitaka watu wa kupeleka mizigo ng'ambo ya milima. Watu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mpagazi asiye na chungu chake hula unga mbichi, maana askari hawamwazimi mtu chungu. Siku moja kabla, Atuganile alikuwa ameuza vyungu vyote vidogo sokoni. Kilichobaki kimoja kilikuwa motoni, katikati ya kuni na nyasi, nacho kilikuwa hakijamaliza hata nusu ya siku yake.

Chungu huachwa motoni mpaka moto wenyewe ufe. Kisha hupoa polepole, hugongwa kwa kifundo cha kidole, na kikilia vizuri hupikiwa uji mzito ili vitundu vyake vizibe. Ndipo hupewa mtu. Atuganile alikiopoa chungu kile kwa mti, moto ukiwa bado unawaka, akakizungusha hewani kipoe. Alikigonga. Hakikulia. Kilitoa sauti nzito, fupi, kama mtu anayegonga ukuta wa udongo. Kilikuwa kibichi tumboni.

Askari alikuwa mlangoni anapiga kelele. Ipyana alinyoosha mkono, akamwuliza, "Ni kizima?"

Naye alijibu, "Ni kizima."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe. Tangu siku hiyo hakushika udongo tena. Kigae alichokuwa akizungushia vyungu kilikuwa kimelala nyuma ya nyumba, na nyasi zilikuwa zimeota mahali pa kuchomea. Aliishi kwa kuanika usipa wa watu. Wenzake walimwambia mikono ya mfinyanzi ikikaa bure huwa migumu. Aliwaambia ni kweli. Usiku alimwona Ipyana yuko katika milima mikavu, isiyo na tone la maji, ameshika vigae viwili mkononi. Lakini hakulia. Hata kwenye kilio kilichowekwa baada ya habari ya sokoni hakulia, na wapo waliomsema kwa minong'ono.

Basi hilo ndilo lililompeleka. Alitaka kujua kama chungu chake ndicho kilichomuua mumewe.

Njia haikuwa kali. Ilifuata mto, mara kushoto kwake, mara kulia, ikivuka juu ya magogo yaliyochongwa bapa. Chini ilikuwa na mikuyu mikubwa ambayo mizizi yake ilishika mawe kama vidole. Baadaye miti ilikaribiana, jua likapungua, na kila kitu kikawa na majimaji: majani, magome, hata mawe yalikuwa yameota manyoya ya kijani. Migomba ya porini isiyozaa ndizi za kuliwa ilisimama kwenye kingo za mto, mikubwa kuliko nyumba.

"Njia hii ina adabu," Enoki alisema. "Inapanda kama mtu anayeomba kitu ukweni. Hakuombi yote mara moja."

"Mimi imekwisha kuniomba pumzi," Zebedayo alijibu.

"Mpe, tata. Utapata nyingine huko mbele."

Atuganile alitembea kati yao. Alisikia sauti ya maji. Haikukoma. Walipovuka gogo la kwanza alidhani ni kijito cha kupita tu. Walipovuka la tatu alianza kutazama. Maji yalitoka kila mahali, yakidondoka kwenye mikangaga, yakitiririka katikati ya njia, yakimlowesha miguu. Alikuwa amezaliwa chini ya milima hii, akaiona kila siku ya maisha yake, na hakuwahi kupanda hata mara moja. Wafinyanzi hushuka ziwani kwa mitumbwi kuuza vyungu. Wanaopanda milimani ni Wakinga, na wanaume wachache kama Enoki wanaofuata majembe.

"Shemeji," aliuliza, "njia ni hii hii waliyopita?"

"Ni hii. Hakuna nyingine upande huu."

"Na maji yako hivi siku zote?"

"Hata kiangazi. Mto huu haukauki." Enoki alimtazama. "Una kiu?"

"Hapana."

Aliendelea kutembea. Kama maji yako hivi, mtu anaweza kuinama akanywa kwa viganja. Hahitaji chungu. Aliliangalia wazo hilo kama mtu anavyokiangalia kitu cha mwingine. Lilikuwa wazo zuri, lakini hakupata wepesi wowote. Alilibeba pamoja na kikapu.

Karibu na gogo la tano walikuta mahali palipokuwa kambi. Palikuwa na majivu ya zamani yaliyogandishwa na mvua, kamba za mizigo zilizooza, na debe lililopata kutu. Enoki aliligeuza debe kwa mkuki. Nyungunyungu walijipenyeza udongoni. Hapakuwa na kitu kingine. Zebedayo aliketi juu ya jiwe akasema apumzike kidogo, na papo hapo kundi la mbega lilipita juu ya vichwa vyao, nyeusi na nyeupe, mikia mirefu ikiwafuata. Mmoja alidondosha tunda likamwangukia mzee begani.

"Hao ni wazee wa kanisa la huku," Enoki alisema. "Angalia mavazi yao. Wamekusalimia."

Zebedayo alicheka ingawa hakutaka. "Ipyana angesema hivyo hivyo," alisema. "Maneno yenu yalikuwa ya mfuko mmoja."

Atuganile alifungua mfuko wa kiporo uliokuwa kikapuni, akawapa viazi vya kuchemsha na usipa. Yeye pia alikula. Aliona wanaume hawa wawili wanamtazama kwa pembe ya jicho, wakingoja kitu kitokee usoni mwake. Angependa kuwapa kitu hicho, lakini hakuwa nacho.

"Binti yangu," Zebedayo alisema taratibu, "unasali?"

"Nasali, tata."

"Na unamwambia nini Mungu?"

Alifikiri. Hakutaka kumdanganya mzee. "Namwambia maneno yale tuliyofundishwa. Nayamaliza, kisha nalala."

Zebedayo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya haki. "Endelea hivyo hivyo. Mke wangu alipofariki nami nilisali hivyo miaka miwili. Nilikuwa kama napepeta pumba. Lakini nilishika ungo."

Adhuhuri walifika mahali ambapo maporomoko ya maji yalishuka kwenye mwamba mrefu. Hapo njia iliuacha mto. Iligeuka kulia ikapanda mgongo wa mlima, kuelekea msitu wa mianzi. Enoki alifungua vibuyu viwili vilivyoning'inia kiunoni mwake akaanza kuvijaza.

"Jazeni matumbo pia," alisema. "Kuanzia hapa mpaka kwa yule mama hakuna maji. Ni mwendo wa kuanzia sasa hadi alasiri."

Atuganile alisimama. "Hakuna kabisa?"

"Hata ya kunawa mikono. Ndiyo maana wapita njia wote hujaza hapa."

"Na asiye na kibuyu?"

"Atachukua chochote alicho nacho," Enoki alijibu, akaziba kibuyu kwa gunzi. Hakujua alichojibu.

Atuganile aliinama akanywa. Maji yalikuwa baridi, yalimuuma meno. Alikunywa mpaka tumbo likakaza, kisha akakitwika kikapu tena na kuanza kupanda mgongo ule. Mianzi ilikuwa imebanana, ikisuguana kwa upepo na kutoa sauti kama milango mingi mibovu. Ardhi chini ilikuwa kavu. Ukungu uliwafikia, ukawafunika, na baridi ikapenya kwenye nguo. Alihesabu hatua zake mpaka mia, akaanza tena. Hakuwaza juu ya Ipyana. Aliwaza juu ya chungu tu: chungu kimejaa maji hapo chini kwenye maporomoko, maji yanaingia katika ule udongo mbichi, udongo unalainika. Alijua ni kwa muda gani. Mfinyanzi yeyote angejua. Kingefika nusu ya njia tu kabla ya kupasuka.

Walipotoka kwenye mianzi jua lilikuwa limeinama upande wa magharibi. Mbele yao palikuwa na nyasi, mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, na nyumba mbili za duara. Mzee mmoja alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha kufulia chuma, akinoa jembe jipya. Mama mmoja alitoka nyumbani akiwa na ungo mkononi. Alikuwa mfupi, mpana, na alimtazama Atuganile kabla ya kuwatazama wanaume.

"Wewe ni mwenye chungu," alisema. Kikinga chake na Kikisi cha Atuganile vilikuwa jirani kiasi cha kusikizana.

"Umejuaje, mama?"

"Wanawake wa ziwani hawapandi huku. Na macho yako ni ya mtu aliyekuja kuchukua. Ketini. Mmechoka. Huyu mzee amekuwa rangi ya jivu."

Mama Sanga aliwapa maji katika kibuyu na togwa ya ulezi. Atuganile alimpa kikapu cha usipa. Mama Sanga alichungulia ndani, akachukua mmoja akatafuna pale pale, akafurahi. Kisha bila kuulizwa aliinuka akasema, "Njooni."

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba, karibu na mwamba uliojitokeza kama paa. Lilikuwa limepangwa mawe vizuri, na nyasi zake zilikuwa zimefyekwa. Zebedayo alivua kofia, Enoki akapiga magoti akagusa mawe kwa kiganja. Mabega yake yalianza kutikisika. Atuganile alisimama akatazama. Mawe yalikuwa ya kijivu. Mjusi mmoja alikuwa akiota jua juu ya jiwe la kichwani.

"Walifika jioni, watu kama thelathini na mizigo," Mama Sanga alisema. "Mvua ilikuwa ya kwanza ya mwaka, na ya mawe. Yeye alikuwa tayari na homa na kuhara damu, si yeye peke yake. Asubuhi askari walimpiga mateke, hakuinuka, wakampa mwingine mzigo wake, wakaenda. Nilimkuta chini ya mwamba huu. Alikaa siku nne. Nilimpa uji."

"Alikuwa anasemaje?" Enoki aliuliza.

"Alikuwa anatania! Mgonjwa vile! Aliniambia uji wangu ni mzuri, ila kama ningeupika zaidi ungefaa kujengea nyumba." Mama Sanga alimgeukia Atuganile. "Na alinisimulia juu ya chungu."

Atuganile alimkaribia. "Alisemaje juu ya chungu?"

"Alikuwa amekining'iniza mgongoni kwa kamba. Alikijaza kwenye maporomoko. Kilimvujia njia nzima. Alifika mgongo wote umelowa, wenzake wanamcheka kwamba amejikojolea juu badala ya chini. Nikamwambia, kitupe. Akasema, hapana, ni kazi ya mke wangu, ndiye fundi kuliko wote pale ziwani. Nikamwambia, fundi gani huyo? Akacheka. Akasema, hiki alikitoa motoni kabla ya wakati kwa sababu askari walikuwa mlangoni. Akasema, nilikigonga pale pale nilipokipokea, nikasikia ni kibichi."

"Alijua?"

"Alijua."

"Aliniuliza. Nilimwambia ni kizima."

"Hilo pia alilisema. Alisema, ningefanya nini? Ningesema si kizima, angekimbilia kwa jirani kutafuta kingine, na askari angemchapa. Nikanyamaza, nikakichukua."

Enoki alikuwa ameinua uso kutoka kwenye mawe. Zebedayo alikuwa amekishika kitabu chake kwa mikono miwili. Atuganile aliona kwamba sasa ni lazima aulize, kwa kuwa alikuja kwa ajili ya hilo, na asipouliza hapa atalishuka nalo tena bonde lote.

"Mama," alisema, "nieleze kama ulivyoona. Ni ule mgongo uliolowa ndio uliomuua?"

Mama Sanga alikwangua tope kwenye kidole chake cha mguu kwa kidole cha mguu mwingine.

"Siku ile mvua ilinyesha," alisema mwishowe. "Wote thelathini walifika wamelowa. Wengine hawakuwa na chungu na walikufa huko mbele. Nani atatenga maji ya chungu na maji ya mvua? Mimi sikuyatenga. Nilimkausha tu."

Zebedayo alisoma zaburi, kisha aliomba. Aliomba muda mrefu, akamtaja Ipyana kwa jina mara nyingi, akawataja mama huyu na mumewe waliomzika mgeni kama ndugu. Atuganile alifumba macho. Alijaribu kumwambia Mungu kitu chake mwenyewe, lakini kilichokuja ni sentensi moja tu: Nilijua si kizima. Aliisema tena. Nilijua si kizima. Ilikuwa sala fupi na haikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kwanza katika miezi minane ambayo haikuwa ya kufundishwa.

Walirudi nyumbani kwa Mama Sanga. Akaingia ndani, akatoka na chungu. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Ufa ulitoka kwenye mdomo ukashuka mpaka tumboni, nao ulikuwa umezibwa kwa nta ya nyuki.

"Nta aliipaka yeye," Mama Sanga alisema. "Siku ya tatu. Nilimwambia lala, akasema mikono haina homa. Maji hakishiki, lakini mbegu za ulezi kinashika. Panya hawajaingia hata mara moja. Ukikitaka ni chako, nitazimwaga mbegu ndani ya kikapu chako hiki."

Atuganile alikipokea. Alizigusa zile alama tatu za ukucha, kisha akaupitisha uso wa kidole gumba juu ya nta, pale gumba jingine lilipokandamiza na kuacha alama. Akakigonga. Kilitoa ile ile sauti nzito, fupi.

"Enoki," alisema, "tata Zebedayo. Nanyi mmesikia. Chungu hiki nilikitoa motoni kibichi. Nilikigonga nikajua, nikamwambia mume wangu ni kizima. Ndiyo sababu sikushika udongo tena."

Enoki alikuwa anatazama chini. "Siku ile mimi nilikuwa kwenye matete, shemeji," alisema. Sauti yake haikuwa na utani. "Nilijificha. Nilimwona akipita na mzigo, naye aliniona. Alitazama pembeni ili askari wasigeuke."

Yule mzee mfua chuma, ambaye tangu walipofika hakuwa amesema neno, aliliweka jembe lake chini.

"Mimi nikiwa na haraka nalitoa jembe kabla ya wakati," alisema. "Linapinda kwenye jiwe la kwanza. Nimewahi kuuza majembe ya namna hiyo."

"Na wenyewe wamewahi kuyarudisha," mkewe alisema. "Mmoja alimrushia. Angalia lile kovu."

Zebedayo alicheka, na Enoki akafuta pua akacheka naye kidogo. Atuganile hakucheka, lakini alilitazama kovu. Kisha alimrudishia Mama Sanga chungu, kwa mikono miwili.

"Kaa nacho," alisema. "Mbegu zako zimekwisha kukizoea."

"Haya. Lakini mtungi wangu wa maji ulivunjika mwezi wa tatu, ndiyo maana nimewanywesha kwa kibuyu. Nyinyi wa ziwani mna udongo mzuri. Siku moja uniletee mtungi." Mama Sanga alimgonga begani kwa utani. "Ila usinipe wa haraka! Huo ninao."

"Ataleta!" Enoki aliruka kusema. "Shemeji yangu huyu ata—"

"Ngoja, Enoki," Atuganile alisema.

Aliitazama mikono yake. Ilikuwa imekakamaa, kama wenzake walivyosema. Ingechukua siku nyingi mpaka ilainike, na mtungi wa kwanza ungepinda, na wa pili huenda ungepasuka. Nyasi za mahali pa kuchomea zingehitaji jembe. Hakuhisi furaha, wala hakuhisi kwamba amesamehewa. Alihisi baridi ya jioni, njaa kidogo, na uzito wa mikono yake mapajani.

Aliinuka akasimama mahali ambapo wote wanne walimwona: mama na mumewe, shemeji yake, na mzee wa kanisa aliyekuwa amevua kofia bila kuambiwa.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kibandani, "mbele ya hawa, na Mungu anasikia: kabla ya mvua za kwanza nitakufinyangia mtungi. Nitauacha motoni mpaka moto ufe wenyewe. Nitaupikia uji. Nitaupandisha bonde hili kichwani mwangu, sitampa mtu aubebe. Nikifika hapa nitaugonga, nawe utasikia. Ukiwa mzima nitakuambia ni mzima. Na usipokuwa mzima, mama, nitakuambia si mzima, na nitashuka kuufinyanga tena."